Kupanga Chumba cha Kazi Chenye Utulivu Nyumbani, Arusha na Moshi

Anayetaka kutenga sehemu ya kufanyia kazi nyumbani aghalabu huanza kwa kununua meza na kiti, kisha ndipo huvitafutia nafasi. Ni afadhali kuanza na dirisha, kwa sababu mwanga, joto na kile ambacho macho hukitazama wakati wa kupumzika hutegemea zaidi upande ambao dirisha limeelekea kuliko bei ya samani.

Miji hii miwili iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita karibu utosini mwaka mzima, na madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo hupigwa nalo likiwa chini. Chumba cha magharibi mjini Moshi, hasa mwezi Januari na Februari, hupokea jua la alasiri usoni mwa mfanyakazi na hubaki na joto hadi usiku. Dirisha la kaskazini halina adha hiyo. Hata mwezi Juni, jua linapoegemea kaskazini, upenu unaotokeza sentimita 60 hutia ukuta kivuli cha zaidi ya mita moja wakati wa adhuhuri. Na katika baridi ya Arusha ya Juni na Julai, miale michache inayopenya haichukizi. Tena kaskazini ndiko iliko milima yenyewe: Kilimanjaro kwa mkazi wa Moshi na Meru kwa mkazi wa Arusha, ingawa mawingu huificha mara nyingi ifikapo mchana.

Meza isielekezwe dirishani moja kwa moja, wala dirisha lisiwe mgongoni, kwani katika hali ya kwanza macho hupambana na mwanga wa nje na katika ya pili mwanga huo huakisiwa na skrini. Dirisha likae ubavuni. Anayeandika kwa mkono wa kulia alipate kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi. Kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na hapo mti wa uani unatosha hata mlima ukiwa umejificha.

Seremala wa mtaani akipewa vipimo atatengeneza meza nzuri ya kimo cha sentimita 72 hadi 75. Mtumiaji wa kompyuta mpakato aiinue hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha atumie kibodi ya pembeni. Kiti kiruhusu nyayo kukanyaga sakafu. Mengine ni mapambo.

Kuhusu mimea, sidhani kuna unaofaa zaidi hapa kuliko sale, ambalo Wachaga hulipanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na ambalo jani lake hupelekwa kuomba msamaha na kupatanisha waliogombana. Huvumilia kivuli, na tawi lililokatwa huchipua likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Madai kwamba mmea mmoja husafisha hewa ya chumba kizima yametiwa chumvi. Faida yake ni rangi ya kijani mbele ya macho, na hiyo si haba.

Kelele ni jambo gumu zaidi. Zulia, mapazia mazito na rafu ya vitabu hupunguza mwangwi, lakini havizuii sauti ya bodaboda barabarani, wala mvua ya masika juu ya bati. Dari husaidia kiasi. Pasipo dari, mikutano ya simu katika miezi ya Machi hadi Mei ipangwe saa ambazo mvua hainyeshi, kwa wale wenye uhuru wa kuchagua. Nyakati za jioni, balbu ya mwanga wa njano huwa tulivu zaidi kuliko nyeupe kali.

Aliyepanga chumba kimoja asifanyie kazi kitandani. Aweke meza nyembamba ukutani, na saa za kazi zikiisha aifunike kompyuta kwa kitenge, au aitie kabatini pamoja na makaratasi yake yote.