Jinsi ya kukomaza miche ya nyanya kabla ya kuihamishia shambani

Wateja wengi wakifika kitaluni huchagua mche mrefu kuliko wenzake. Mimi ningewashauri wachague ule mfupi, wenye shina nene na kijani kilichokolea. Urefu wa kitaluni mara nyingi ni dalili kwamba mche umekosa kitu: mwanga, nafasi au upepo. Mche hauwezi kuhama, hivyo hujibu mazingira kwa kubadili umbo lake. Nasi tunaitumia tabia hiyo: tunaupa mambo ya shambani kidogo kidogo, kabla shamba halijaupa yote kwa siku moja.

1. Toa matandazo mapema

Vichwa vya kwanza vikichungulia tu, ondoa nyasi ulizofunikia tuta, na uifanye kazi hiyo jioni. Gizani seli za shina hujirefusha kusaka mwanga, na shina likisharefuka halirudi.

2. Punguzia

Acha sentimita 4 au 5 kati ya mche na mche. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mche huhisi majirani hata kabla hawajautia kivuli. Jani la kijani hunyonya mwanga mwekundu, lakini mwanga mwekundu wa mbali, ambao macho yetu karibu hayauoni, huupitisha au kuurudisha nje. Ndani ya mche kuna protini iitwayo fitokromu inayopima uwiano wa mianga hiyo miwili. Ule wa mbali ukizidi, mche huanza kukimbilia juu. Ndiyo maana miche iliyosongamana huwa myembamba hata juani.

Kama unatumia trei na mwanga unatoka upande mmoja, zigeuze kila siku. Homoni ya oksini hukusanyika upande wenye kivuli, seli za huko hurefuka zaidi, na mche hupinda. Mwanasayansi Charles Darwin na mwanawe Francis walilichunguza jambo hili kwa miche ya nyasi: walipofunika ncha zake, iliacha kupinda kuelekea mwanga. Waliyaandika mwaka 1880.

3. Papasa miche

Hii ndiyo hatua inayochekesha watu, na ndiyo ninayoipenda. Miche ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, yaani yale yanayofuata majani mawili ya kwanza ya mbegu, pitisha juu yake kiganja au bomba jepesi la plastiki, ncha ziiname kidogo kisha ziinuke. Mara 10 hadi 20, asubuhi, kila siku.

Ukigusa shina, utando wa seli hunyumbuka na kalisi huingia ndani kwa sekunde chache. Kutokana na ishara hiyo mche hupunguza kurefuka na kuimarisha shina, kama vile umekaa penye upepo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, Janet Braam na Ronald Davis wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wakinyunyizia homoni mmea mdogo uitwao Arabidopsis ili waone jeni zipi zitaamka. Jeni ziliamka, lakini ziliamka vilevile kwenye mimea iliyonyunyiziwa maji matupu. Kumbe kilichoziamsha ni ule mguso wa matone.

Usipapase majani yakiwa na umande au maji, utasambaza magonjwa. Ukiona ugonjwa wowote kitaluni, acha kabisa. Hoho nazo huchubuka upesi, ziache.

4. Zoesha jua

Anza siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha. Funua neti au chanja kwa saa mbili za asubuhi, kesho yake ongeza, mpaka miche ishinde juani kutwa. Jani lililokulia kivulini ni jembamba, na nta yake ya juu ni hafifu. Likitupwa juani ghafla hupata mabaka meupe yasiyopona. Majani mapya yanayochipua katika siku hizi ndiyo yatakayokuwa manene, kwa hiyo usiharakishe. Siku tatu hazitoshi, hata mwenye shamba akikupigia simu kila saa.

5. Punguza maji, usiyakate

Subiri udongo wa juu ukauke ndipo umwagilie. Mizizi ikihisi ukavu, homoni ya asidi ya absisiki huongezeka, seli zinazolinda vitundu vya majani hunywea, na vitundu hufunga. Majani hupunguza kukua ilhali mizizi inaendelea kutafuta maji chini. Mche ukisinyaa mchana na kuinuka jioni, si neno. Ukiamka asubuhi bado umelala, umezidisha. Simamisha pia mbolea ya naitrojeni wiki hii, maana hutoa majani laini. Lakini usivute kipindi hiki kwa wiki tatu: mche uliodumaa huchelewa kushika kasi ya kukua shambani.

6. Hamisha jioni

Mwagilia kitalu vizuri saa chache kabla ya kung'oa, ili mizizi itoke na udongo wake. Kama baadhi ya miche imerefuka licha ya yote, usiitupe. Toa majani ya chini, fukia shina mpaka karibu na majani yaliyobaki. Likiwa ndani ya udongo wenye unyevu, shina la nyanya huotesha mizizi mipya. Miche iliyounganishwa, yaani iliyopachikwa juu ya shina la mche mwingine, usiifanyie hivyo: kiungo kibaki juu ya udongo, la sivyo sehemu ya juu itaotesha mizizi yake na kupata magonjwa uliyokuwa ukiyakwepa.