Jinsi ya kukadiria eneo la shamba pande zake zinapobadilika

Katika maeneo mengi ya vijijini nchini Tanzania, ekari moja huhesabiwa kwa mazoea kuwa hatua 70 kwa hatua 70, na kipimo hicho kinatosha kuonyesha jinsi eneo linavyobadilika pande za umbo zikirefushwa au zikifupishwa.

Anza kwa kutafuta eneo la awali: 70 mara 70 ni hatua za mraba 4,900. Kisha angalia ni pande zipi zilizobadilika. Ikiwa ni urefu peke yake, eneo hufuata badiliko lilelile, hivyo hatua 140 kwa 70 ni ekari mbili. Lakini urefu na upana vikizidishwa vyote kwa namba moja, eneo huzidishwa kwa namba hiyo, kisha likazidishwa tena kwa namba hiyohiyo. Ndiyo maana hatua 140 kwa 140 ni ekari nne, wala si mbili. Kanuni hii inafaa hata kwa shamba la pembetatu au lenye kona tano, mradi pande zote zizidishwe sawasawa na kona zisibadilike.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea katika kupunguza. Mnunuzi aliyelipia nusu ekari akapimiwa hatua 35 kwa 35 amepewa hatua za mraba 1,225, yaani robo. Nusu ekari ni hatua 70 kwa 35. Na akiitaka iwe mraba, atafute kipeuo cha pili cha 2,450, ambacho ni 49.5, basi hatua 50 kwa 50 zitamtosha.

Mzingo nao usikuhadae. Shamba la hatua 120 kwa 20 lina mzingo wa hatua 280, sawasawa na lile la 70 kwa 70, na litakula waya uleule wa uzio, ilhali eneo lake ni 2,400 tu, ambalo halifiki hata nusu ekari.

Mwisho, hakiki kizio. Ekari halisi ina takribani mita za mraba 4,047, na ikiwa mraba, upande wake ni mita 63.6. Mita 70 zimeuzidi upande huo kwa asilimia 10, lakini eneo limezidi kwa asilimia 21, kwa kuwa 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Muuzaji anayepima mita 70 kwa 70 kwa bei ya ekari moja amekuongezea karibu mita za mraba 850 bila kujua.