Shindano la walleye: mpimeni botini, mrudisheni palepale

Ndugu zangu mnaovua huku Minnesota, mkiandaa shindano dogo la kuvua walleye (samaki wa maziwani na mitoni) wakati wa joto, msiwabebe samaki hai hadi kwenye mizani ufukweni. Pimeni urefu botini: pua iguse kizuizi cha ubao wa kupimia, mdomo ufungwe, picha ipigwe, arudi majini. Lowesheni ubao na mikono kwanza, maana mkono mkavu humvua ule utelezi unaomkinga. Kwenye kila picha ionekane kadi ya namba iliyogawiwa asubuhi hiyo, picha ya juzi isiingie.

Kinachoniuma zaidi ni kina cha maji. Walleye akivutwa kutoka futi 30 au zaidi, kibofu chake cha hewa hutanuka. Ukimwachia unamwona analala ubavu, tumbo limevimba, anapiga mkia na hazami. Hata akifanikiwa kuzama, anaweza kufa baadaye. Kwa hiyo andikeni kwenye kanuni zenu: mwisho futi 25.

Kibali nacho ulizeni mapema idara ya maliasili ya jimbo. Hutegemea idadi ya boti, kiingilio na zawadi.