Ukitaka kufuga chatu mkubwa, anza na mlango

Juzi kijana mmoja wa Kisauni kanisimamisha pale stejini Bombolulu, kaka si wewe ndo ulikuwa ukifanya kazi na nyoka, mimi nataka kufuga chatu, banda nijenge la aina gani? Nikamuuliza nyumbani mko wangapi. Akanambia mimi na bi mkubwa na wadogo zangu wawili, wa mwisho yuko darasa la pili. Nikamwambia basi yakhe fuga njiwa. Akanuna kidogo. Lakini maswali haya hayaishi kila siku kuna mpya, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Nimefanya miaka sita kwenye mabanda ya nyoka huku pwani, nimelisha, nimefagia mavi yao, nimeumwa pia, hiyo ya kuumwa ntaisimulia.

Karatasi kwanza manake bila hizo mengine yote bure. Chatu ni mnyamapori, na kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 huwezi kumweka kwako bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haijalishi umemkuta mwenyewe shambani Kwale au umeletewa na mtu kwenye gunia usiku. Tena yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka ni karatasi nyingine, hata kama ni ngozi tu. Ukimkuta kwenye banda la kuku usimpige na usimtie kwenye pipa ukasema utamlea, ita KWS waje wamchukue. Kwa hiyo haya ni ya wenye kibali na wanaoajiriwa kwenye bustani za nyoka. Nyinyi wengine someni tu mjue kwa nini nawakataza, na hamu ya chatu ikizidi nendeni bustani ya Haller Park Bamburi au bustani ya nyoka ya Bio-Ken kule Watamu mkawaangalie wakiwa nyuma ya kioo.

Sasa, shida ya chatu ni kwamba anaanza mdogo. Akitoka kwenye yai ni kama nusu mita hivi, unamvisha shingoni unapiga picha unaweka status, watoto wa mtaa wanapanga foleni kumshika. Akilishwa vizuri miaka michache tu mbele humwinui peke yako. Chatu wetu wa Afrika mkubwa ni mita 3 mpaka 5, na wale wa Asia wenye madoa kama wavu ndo balaa zaidi, kuna mmoja anaitwa Medusa kule Kansas City Marekani, mwaka 2011 alipimwa akawa mita 7.67. Halafu anaishi miaka 20 na zaidi. Yaani yule mdogo wa darasa la pili atakuja kuoa na chatu bado yuko uwani.

Na jinsi anavyoua, watu wengi wanaelewa vibaya. Havunji mifupa. Anauma kwanza apate pa kushikilia, anazungusha mwili, halafu anakaza, na kila ukitoa pumzi anakaza tena. Damu inashindwa kuzunguka, ubongo unakosa damu, unazimia upesi kuliko vile unavyodhani. Nishawahi kufanya kazi na barobaro ana kifua kama mlango wa msikiti, alikuwa akisema mimi nitamfungua tu kwa mikono. Hamna. Yule nyoka mwili mzima ni msuli.

Ndo maana nasema anza na mlango. Mwaka 2013 huko Canada, mji wa Campbellton, chatu wa Afrika, wetu huyuhuyu, alitoka kwenye kizimba chake ndani ya nyumba akapita kwenye njia ya hewa ya darini, dari ikaachia, akaangukia sebuleni walipokuwa wamelala watoto wawili. Wote wawili walikufa. Na hapa kwetu wenye umri mnakumbuka ya Sabaki karibu na Malindi 2009, mfanyakazi wa shamba alimkanyaga chatu, akazungushwa akaburutwa mpaka juu ya mti, akapigana naye masaa, simu ndo ilimuokoa. Watu huhadithia hapo wakaishia. Mimi kinachonikaa kichwani ni kilichofuata: yule chatu alikamatwa akafungiwa chumbani, asubuhi hayupo, na waliokuwepo wakasema huenda alipita kwenye upenyo wa chini ya mlango. Nyoka wa mita nne, chini ya mlango! Kipimo ni kichwa, kichwa kikipita na mwili utafuata.

Kwa hiyo banda la chatu lina milango miwili. Unafungua wa kwanza unaingia kwenye kibaraza kidogo cha kutosha watu wawili, unaufunga nyuma yako, ndo unafungua wa pili. Mlango wa ndani uwe na kidirisha cha kioo kinene usawa wa macho na kingine chini usawa wa goti, hicho cha chini watu husahau, manake chatu anapenda sana kulala amejikunja pale pale mlangoni, na ukifungua bila kuangalia, uso wako ndo kitu cha kwanza anachokiona. Komeo na kufuli, siyo ndoano ya waya. Kizingiti cha simiti chini, hakuna mwanga unaopita.

Ukuta jenga kwa bloki za matumbawe au za simiti, piga lipu iwe laini kabisa ndani, akijisugua kwenye ukuta mbaya anajichubua. Kimo kiwe mtu anasimama wima, kufanya kazi na chatu ukiwa umeinama ni kumpa shingo. Urefu wa banda usipungue urefu wa nyoka mwenyewe akijinyoosha. Madirisha ya hewa weka weldimeshi ya tundu dogo, na hapa wa Mombasa tuelewane: chumvi ya bahari inakula chuma. Nimeona weldimeshi inang'aa kwa nje, ukiibonyeza kwa bisibisi inapukutika kama biskuti. Tumia iliyopakwa zinki, ipake rangi juu yake, na kila mwisho wa mwezi zunguka na bisibisi ubonyeze kila pembe. Bawaba za mlango vilevile.

Kitu kimoja nakiona ni cha lazima na mafundi wengi hawakijui ni sanduku la kulala. Unajenga sanduku kubwa la mbao ngumu au la bloki kona moja, lenye kijimlango cha kushuka ambacho unakivuta kwa kamba ukiwa NJE. Chatu akiingia kulala, unaachia kamba, mlango unashuka, unafunga, ndo unaingia kufagia na kubadilisha maji. Siku nyingi hukutani naye kabisa. Fundi wa kuchomelea atakuuliza hii ya nini, mwambie achomelee tu.

Joto siyo shida kubwa kwetu kama kwa wazungu, lakini usibweteke. Kona moja iwe kama digrii 31 au 32, upande wa pili 26 hivi, yeye mwenyewe atachagua. Kipindi cha kusi, Juni mpaka Agosti, usiku unapoa na upepo una unyevu, hapo weka taa ya joto, lakini iwe ndani ya kizimba cha waya manake atajizungusha kwenye balbu na kuungua bila kujitoa. Mawe ya umeme ya kupasha joto sitaki hata kuyasikia, nishaona tumbo lililoungua. Kipindi cha kaskazi kinyume chake, banda la mabati linakuwa tanuri, ezeka makuti. Beseni la maji liwe kubwa aingie mwili wote, lenye tundu la kumwaga nje. Ukiona mapovu mdomoni au anapumua kwa mlio huku kainua kichwa, ni mapafu, ita daktari wa mifugo anayejua reptilia, usimpe dawa za kuku.

Chakula sasa, hapa ndo watu wanapoumia.

Mlishe kilichokufa. Sungura au kuku uliyemgandisha kwenye friza, ukamyeyusha na kumpasha kwenye maji ya moto. Sungura mzima akiwa hai anaweza kumng'ata nyoka vibaya, na wewe unalazimika kuwa karibu zaidi. Tumia koleo refu, mita moja na zaidi, mkono haukaribii. Chatu mkubwa mara moja kwa wiki mbili mpaka nne inamtosha, mnene si mwenye afya. Akishakula mwache siku tatu nne, ukimsumbua atatapika. Siku zisizo za kula, kabla hujamgusa, mguse kwanza mwilini na fimbo ya ndoano taratibu, hiyo ni salamu, inamwambia leo hakuna chakula. Ukifanya hivyo kila siku anazoea.

Na harufu. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyosikia joto, ulimi unanusa, macho wala si kitu sana kwake. Mkono wako wenye joto ukinuka sungura, basi kwake ni sungura.

Sasa yangu. Pale nilipokuwa, sitapataja, tulikuwa na jike tulimwita Shangazi, mita nne na nusu. Jumapili moja jioni nimebeba sungura kwenye ndoo kuwapeleka mabanda mengine, nikajifuta mikono kwenye kikoi nilichovaa. Halafu nikakumbuka maji ya Shangazi sijabadilisha. Mzee mwenzangu yuko nje anasubiri magharibi iadhiniwe, nikasema dakika mbili tu. Sikumfungia kwenye sanduku. Nimeinama kwenye beseni, nikasikia kitu kama kofi. Kashika kikoi na nyama ya paja pamoja. Kabla sijapiga kelele mzunguko wa kwanza uko kiunoni na mkono wa kushoto uko ndani.

Kilichoniokoa ni mlango wa ndani, niliuacha wazi, ambalo ni kosa jingine, mzee akasikia. Hakukimbilia kichwa. Alishika MKIA, akaanza kumfungua kutoka nyuma kama mtu anayefungua kamba ya jahazi, mzunguko mmoja mmoja, huku ananiambia tulia, usivute. Ukivuta kichwa meno yake yamepinda kuelekea ndani, unajichana mwenyewe na kumng'oa meno. Kuna chupa ndogo ya spiriti ilikuwa inaning'inia kibarazani, akamimina kidogo pembeni ya mdomo wake, Shangazi akaachia. Hana sumu, lakini nilikuwa na vitundu vingi, nikaoshwa na maji mengi na sabuni, nikaenda hospitali nikachomwa sindano ya pepopunda, na daktari akatoa kipande cha jino kilichobaki.

Basi sheria ni hizi hizi: nyoka akipita mita mbili na nusu haingii mtu peke yake, hata dakika moja, hata kufagia. Chatu wa mita nne tano mtakuwa watatu, mmoja kazi yake ni kusimama na kuangalia tu. Spiriti iko kibarazani siku zote. Nguo za kulishia zinavuliwa nje, mikono kwa sabuni mpaka viwiko, na baada ya kumshika pia, manake wana salmonela, vijidudu vya kuharisha. Jike akiwa na mayai amejikunja juu yake karibu miezi mitatu, hapo usiende kufagia kabisa, maji yasogeze kwa fimbo.

Akitoroka je? Funga kila mlango wa nyumba na geti kabla hujaanza kutafuta. Watoto, paka, mbuzi, wote ndani, chumba ambacho umeshakikagua. Anza karibu, hendi mbali mara moja: nyuma ya friji, chini ya tangi, juu ya dari, ndani ya mtaro. Tafuteni wawili wawili, na usiku wa kwanza usilale. Piga simu KWS saa ile ile na uwaambie majirani wote saa ile ile, kila nyumba, hata yule mnayegombana naye kwa ajili ya maji ya kisima. Najua watakusema mwaka mzima. Gonga tu mlango.