Namna ya Kulielewa na Kulitumia Neno la Kiingereza "train"

Msafiri aliyesimama katika stesheni ya Tabora, pale Reli ya Kati inapogawanyika, njia moja ikishika kuelekea Mwanza na nyingine ikiendelea Kigoma, hahitaji kamusi ili kujua "train" ni nini, kwa kuwa treni yenyewe iko mbele ya macho yake. Tatizo humpata anapofungua kitabu cha Kiingereza na kusoma kwamba gauni la bibi harusi lina "train", au kwamba mtu fulani alipoteza "train" ya mawazo yake. Hapo treni haimsaidii tena, na inambidi aanzie kwenye asili ya neno.

Asili yake ni kuvuta. Waingereza walilichukua kutoka Kifaransa cha zamani, ambako kulikuwa na kitenzi chenye maana ya kukokota au kuburuta, na mzizi wake wa mbali ni kitenzi cha Kilatini "trahere", yaani kuvuta. Neno hilo lilitumika Uingereza kwa mamia ya miaka kabla ya kuwapo kwa injini ya mvuke, likitaja ile sehemu ya vazi refu inayoburuzwa chini, kisha wafuasi wanaoandamana nyuma ya mkubwa wao, na hata msururu wa wanyama wa mizigo. Njia za reli zilipoanza, kama ile ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa mwaka 1825, mabehewa yaliyofungwa pamoja na kuvutwa na injini yalionekana kuwa msururu wa aina hiyohiyo, nayo yakapewa jina lilelile. Inafaa kuangalia tofauti iliyopo hapa: Kiingereza kilitaja kile kinachovutwa, ilhali Kiswahili, kiliposema gari moshi, kilitaja injini inayofuka mbele.

Mkazi wa Tabora anaweza kuikumbuka maana hiyo ya zamani kwa urahisi, kwani mji wake ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyopita kati ya pwani na Ujiji, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo unapoliona neno hili kama nomino, jiulize kwanza ni kitu gani kinachofuatana au kinachoburuzwa. Likiwa ni gauni, ni mkia wa gauni. Yakiwa ni mawazo, ni mtiririko wake, na anayeupoteza ni mtu aliyekatizwa katikati ya maneno akasahau alikuwa anaelekea wapi. Usiandike "treni ya mawazo", maana msomaji wa Kiswahili atacheka kabla ya kukuelewa.

Likiwa kitenzi, maana iliyoenea ni kufunza, nayo inahitaji uangalifu zaidi. Zamani lilitumika kwa mmea uliovutwa na kuelekezwa ukue upande unaotakiwa, kama anavyofanya mkulima anayeufunga mpasheni kwenye chanja ili utambae vizuri. Baadaye likahamia kwa binadamu na wanyama, nalo bado limebeba dhana ya kuzoeza kidogo kidogo hadi mtu aiweze kazi fulani. Ndiyo sababu Kiingereza husema "teach" kwa somo la historia, lakini "train" kwa muuguzi, dereva au mwanajeshi. Mwanariadha naye hu-"train" bila kufunzwa na mtu, yaani anafanya mazoezi. Likifuatwa na "on" kwa habari ya bunduki au kamera, maana yake ni kulenga.

Katika kuandika, makosa yanayojirudia ni machache. Kusafiri kwa treni ni "by train", bila "the" wala "a". Aliyemo ndani ya behewa yuko "on the train". Neno "training" kwa kawaida halihesabiki, hivyo badala ya "I attended a training", sentensi inayosikika sana katika ofisi zetu, andika "a training course". Na Mwingereza akikuambia amenunua "trainers", usidhani ameajiri wakufunzi, amenunua raba.

Mzizi huohuo wa Kilatini umetufikia kwa njia nyingine pia. Trekta linalolima shamba la tumbaku kule Urambo, na kandarasi aliyoisaini mjenzi wa barabara, ni maneno yaliyopitia Kiingereza kutoka kwenye kuvuta huko huko.

Jipime kwa sentensi hii: "She trained in Tabora and took the train to Kigoma." Neno la kwanza ni kitenzi na linahusu kazi, la pili lina "the" na linahusu safari, kwa hiyo tafsiri yake ni kwamba alipata mafunzo Tabora, kisha akapanda treni kwenda Kigoma.