Pikapu inatingisha stelingi? Acha kwanza kununua shokapu ya stelingi

Mi natumia Land Cruiser HZJ79, ile pikapu ya injini ya 1HZ, mbele ina koili springi na eksili moja nzima ya kunyooka. Gari ngumu balaa lakini ikishazeeka mbele inaanza visa. Mwaka juzi natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu nyuma, niko kama 70 hivi, nikapiga kishimo kidogo tu cha pembeni ya lami, ghafla stelingi ikaanza kunipiga mikono kushoto kulia kushoto kulia mpaka nikadhani tairi imechomoka. Niliposimama magunia mawili yameshahama upande na konda wangu hasemi kitu.

Ikikukuta hiyo usikanyage breki kwa nguvu, shika stelingi imara bila kubishana nayo, toa mguu kwenye mafuta, gari ipungue yenyewe mpaka itulie.

Nilienda dukani nikauziwa shokapu ya stelingi, "hii ndo dawa yake bosi", nikaifunga, wiki mbili safi kabisa, ya tatu mchezo ukarudi vilevile. Ile shokapu kazi yake ni kumeza vishtuko vidogo, sa kama kuna kitu kimelegea yenyewe inakificha tu mpaka na yenyewe ichoke. Kwahiyo siku ya kukagua ichomoe upande mmoja kabisa uone gari ilivyo bila kitu cha kuituliza.

Kabla hujashika spana jiulize inatingisha WAKATI GANI. Kama inaanza taratibu ukifika 80 au 90 afu ukipita hapo inapungua, hiyo mara nyingi ni tairi, yaani balansi, au rimu imepinda, au tope limegandia ndani ya rimu (cheka tu, mi nishalipia balansi kumbe ni tope la shamba). Hamisha tairi za mbele zipeleke nyuma, mtetemo ukihama kutoka kwenye stelingi kwenda kwenye siti umeshapata jibu bure. Ila kama unatumia zile rimu za pete, zile ambazo tairi inashikiliwa na pete ya chuma inayotoka, toa upepo WOTE, chomoa na kile kisindano cha valvu kabla hujaigusa pete, ile kitu inaua.

Kama inatingisha ukikanyaga breki tu, angalia diski, zitakuwa zimepinda. Na kama ni kama yangu, yaani imetulia kabisa mpaka ipige shimo ndo inalipuka, hapo kuna kitu kinacheza na kazi ni kukitafuta.

Watu wengi wanakosea hapa, wanapiga jeki wanatikisa tairi wanaona hamna kitu basi. Anza gari ikiwa CHINI, tairi zimebeba uzito, weka hendibreki na mawe nyuma ya tairi, washa injini, mtu akae ndani awe anazungusha stelingi kidogo tu huku na huku, asifikishe mwisho, harakaharaka. We lala chini na tochi, mkono wako ushike kila jointi moja moja, maana jicho linadanganya lakini kidole kinasikia. Anza na panadi rodi, ile rodi ndefu inayokatiza mbele ya gari, ncha moja iko kwenye chesisi nyingine kwenye eksili, usichanganye na stebilaiza. Hiyo ndo inazuia eksili isihame pembeni. Ncha zake zote mbili hazitakiwi kucheza hata kidogo. Yangu nilivyoweka kidole kwenye boliti ya upande wa eksili nikasikia tak, tak, kila stelingi ikizungushwa, na ukitazama kwa karibu unaona kutu nyekundu kama unga wa pilipili inatoka pembeni ya bushi, ule mpira ulio ndani ya ncha ya rodi. Bushi imekufa na boliti imeshakula tundu lake limekuwa kama yai.

Ukimaliza hapo pitia tairodi endi zote, zile jointi za mwisho wa rodi zinazogeuza tairi, rodi inayotoka stelingi boksi, afu stelingi boksi yenyewe inavyokaa kwenye chesisi, futa vumbi utafute ufa.

Sasa piga jeki, weka stendi, usilale chini ya jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, sukuma vuta. Ikicheza mwambie mwenzako akanyage breki afu rudia. Mchezo ukipotea ni beringi za wili. Mchezo ukibaki ni beringi za nako, zile za juu na chini zinazogeuzia tairi. Ukishika kushoto na kulia ikacheza rudi kwenye tairodi.

Beringi za wili unakaza mwenyewe, nati zake zinataka soketi ya 54, tafadhali sio tindo na nyundo kama wanavyofanya mafundi wengi, wanazivuruga mpaka hazishikiki. Kaza nati ya ndani huku unazungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, afu kaza tena kidogo, tairi izunguke laini bila kucheza, weka washa mpya, kaza nati ya nje, kunja yale masikio ya washa. Za nako ni kazi ya siku nzima na grisi mpaka kwenye viwiko, ukifungua ukakuta kikombe cha beringi kina vishimo vilivyojipanga badilisha zote, na zile shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, za juu na za chini ziweke mbalimbali, zisichanganyike.

Panadi rodi nilipeleka kwenye presi wakasukuma bushi ikatoka, nikaweka mpya orijino, za feki mpira wake mlaini kama kandambili. Tundu la yai lilichomelewa washa nene kila upande likatobolewa upya saizi ya boliti, boliti mpya pia. Na hii wengi hawaijui: usikaze boliti za bushi gari ikiwa juu ya jeki. Shusha, itikise ikae, ndo ukaze, la sivyo ule mpira unakaa umejikunja muda wote na baada ya miezi unachanika.

Kama gari yako imenyanyuliwa springi ndefu angalia na zile bushi za mikono miwili inayoshika eksili, maana ukinyanyua mbele eksili inajigeuza, ule mlalo unaofanya tairi zijinyooshe zenyewe unapungua, kama baiskeli ambayo uma wake wa mbele umesimama wima, inayumba tu. Kuna bushi maalum za kurekebisha hiyo. Alaimenti, yaani kupima mlalo wa tairi, ndo inakuja mwisho kabisa, kuipima wakati vitu vinacheza ni kuchoma hela.

Yangu niliijaribu bila shokapu ya stelingi, nikaongeza mwendo taratibu mpaka 70 kwenye barabara tupu, nikapita kwenye vishimo makusudi, kimya. Ndo nikarudisha shokapu. Baada ya kilomita 500 nikapita tena na spana, boliti moja ya panadi ilikubali robo mzunguko.