Jinsi ninavyowafikishia wazazi habari za Kidato cha Nne, kuanzia Januari mpaka pepa la mwisho

Walimu wenzangu, hasa mlioko shule za kata huku vijijini, nimeulizwa mara nyingi nafanyaje mpaka wazazi wa darasa langu wanajua kinachoendelea, kwahiyo leo naandika yote. Nafundisha mkoa wa Lindi, mwalimu wa darasa wa Kidato cha Nne, wazazi wetu wengi ni wakulima wa korosho na ufuta, wachache wavuvi. Kitu kimoja nakiamini kabisa baada ya miaka yote hii: mzazi asipotokea shuleni usikimbilie kusema hana mwamko. Mara nyingi habari ilienda kwa mtu asiyekaa na mtoto, au ilifika jioni na kikao ni kesho asubuhi, au iliandikwa Kiswahili cha barua ya serikali mpaka haelewi anatakiwa afanye nini. Hayo matatu yote yako mikononi mwetu.

Hatua ya 1: Jua mtoto anakaa na nani

Usiitegemee rejesta. Namba iliyoko pale iliandikwa mtoto anaingia Kidato cha Kwanza, sasa hivi laini imeshapotea au baba yuko Dar anaendesha bodaboda, mtoto huku analelewa na bibi, au amepanga geto na wenzake watatu karibu na shule na anayemuona kila siku ni mama mwenye nyumba. Wiki ya kwanza ya Januari nunua kaunta buku, muite mtoto mmojammoja, umuulize umekula wapi jana usiku, nani kapika. Hapo ndo utajua mlezi ni nani.

Kwenye hilo kaunta buku chora safu hizi: jina la mtoto, anakaa na nani, simu ni ya nani, anapatikana saa ngapi, na nani anamsomea meseji. Hii ya mwisho usiiache. Kuna kijana mmoja alikuwa mtoro sana, nikawa namtumia bibi yake meseji kila wiki, kimya. Siku nimepanda pikipiki mpaka kwao nikamkuta bibi kakaa barazani anabangua korosho, simu yake ya kitochi imefungwa mpira wa bendi betri isidondoke, namuuliza bibi meseji zangu unazipata, anasema nazipata mwalimu, mjukuu wangu ananisomea, umesema shule imefungwa mna ukarabati. Yaani mtoro mwenyewe ndo alikuwa msomaji wa meseji za utoro wake! Toka siku hiyo kama mlezi hasomi basi naandika pembeni "PIGA", na yeye simtumii meseji kabisa.

Hatua ya 2: Tengeneza kalenda moja, ukurasa mmoja

Andika kwa mkono, toa kopi, kila mtoto apeleke nyumbani ibandikwe ukutani. Usiweke mambo ishirini. Mimi naweka haya tu:

Januari na Februari, usajili wa mtihani wa taifa.
Juni, mtihani wa kumaliza muhula wa kwanza na likizo.
Julai au Agosti, mock ya mkoa, yaani mtihani wa kujipima kabla ya ule wa taifa.
Septemba na Oktoba, kambi (watoto wanakaa shuleni kujisomea) na majaribio ya mwisho.
Novemba, mtihani wa taifa.
Januari inayofuata, matokeo.

Hapo kwenye usajili kaa kidogo, maana wazazi wengi hawajui kwamba jina linaloingia Baraza la Mitihani ndo litakuja kwenye cheti. Mwaka mmoja kwenye darasa langu binti alisajiliwa Hadija, cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija, hakuna aliyeona, si mimi si mzazi. Kaja kuhangaika nalo baadae anaomba chuo, kiapo, nauli za kwenda mjini mara tatu, baba yake kauza mbuzi. Iliniuma sana. Sasa nafanya hivi, kabla hatujatuma chochote kila mtoto anapeleka nyumbani kikaratasi chenye jina lake herufi kwa herufi kama litakavyosajiliwa, mzazi anakiweka pembeni ya cheti cha kuzaliwa, analinganisha, anasaini au anaweka dole gumba, kinarudi. Karatasi isiporudi nafuata mwenyewe. Ni kazi ya siku nne tano hivi lakini inaokoa maisha ya mtu.

Halafu pangilia kalenda yako na msimu wa shamba, hili ndo watu wengi wanalisahau. Huku kwetu hela ya ufuta inaingia Juni na Julai minada ikifanyika, ikifika Septemba mifuko imekauka na korosho ndo kwanza zinaanza kudondoka. Sasa wewe unaitisha kikao cha chakula cha kambi Septemba, mzazi atatoa nini? Kiitishe Juni. Na ueleweshe wazi kwamba mchango ni wa hiari, umepita kwenye kikao cha wazazi na una kibali cha ngazi za juu, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Asiye na hela alete mahindi, mbaazi, mihogo, au kuni. Andika kilicholetwa na aliyeleta asaini, wazazi wakiona kumbukumbu zipo wanakuamini kwenye mengine yote.

Hatua ya 3: Meseji fupi, jambo moja, tendo moja

Meseji ya kawaida ni herufi 160, ukizidisha inakatwa vipande na kwenye vitochi vingine vipande vinafika vimevurugika. Zamani nilikuwa naandika hivi: "Mnataarifiwa kuwa zoezi la upimaji wa utimilifu litaanza rasmi hivyo mnaombwa kutoa ushirikiano." Soma mwenyewe, mzazi afanye nini hapo? Ushirikiano gani? Sasa naandika hivi:

"Habari mama. Ni mwl wa darasa Kidato 4. Jumatatu tar 7 saa 2 asubuhi mock inaanza, wiki 2. Naomba mtoto asiende shamba siku hizo. Swali? Nipigie."

Nani anaandika, lini, saa ngapi, yeye afanye nini, bas. Tuma mara mbili, wiki moja kabla na siku moja kabla. Saa nzuri kwetu ni jioni baada ya magharibi, watu wametoka shamba wametulia, asubuhi simu inachajiwa kwa jirani mwenye sola. Kama mlezi ni mzee anza na shikamoo, hata kwenye meseji, herufi nane tu hizo.

Na ukipiga simu sema haraka kwamba mtoto ni mzima. Mzazi akiona simu ya mwalimu moyo unaruka, anawaza ajali, anawaza kafukuzwa. "Shikamoo bibi, mjukuu wako mzima hana tatizo, nina jambo dogo la shule." Muulize na habari za shamba, halafu ndo uingie kwenye shida. Dakika mbili hizo si za kupoteza.

Hatua ya 4: Grupu la WhatsApp, lakini kwa masharti

Grupu linasaidia, nalitumia, ila kwenye darasa la watoto 62 wazazi wenye simu janja kwangu hawafiki nusu, kwahiyo kila kitu kinachoenda kwenye grupu lazima kiende na kwa njia nyingine. Ukisahau hili utakuwa unawahudumia wenye bando tu. Mimi nina wazazi wanne mabalozi, kila mmoja ana kitongoji chake, wakipata ujumbe wanawapitia wasio na simu, wengine wanatangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa au kanisani Jumapili.

Ndani ya grupu sharti kubwa ni kwamba matokeo ya mtoto hayapostiwi. Najua watu wanapenda kutupa mkeka mzima wa mock, yaani orodha ya matokeo ya wote, humo ndani, kila mtu aone mtoto wa nani kapata ziro. Usifanye. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya majirani haji tena shuleni, na kipigo anakula mtoto usiku uleule. Matokeo ni ya mzazi na mtoto wake.

Hatua ya 5: Wafundishe wazazi kusoma matokeo

Hii ndo hatua yenye faida kuliko zote na inachukua nusu saa tu. Kuna mzee alikuja kwenye kikao anatabasamu kabisa, ananiambia mwanangu kamshinda wa jirani, yeye ana 33 yule ana 20 tu. Nikamkalisha pembeni nikamweleza taratibu, na nikagundua si yeye peke yake, karibu benchi zima lilikuwa linafikiri pointi nyingi ndo ushindi.

Chukua ubao uandike. A ni kuanzia 75 mpaka 100, ina pointi 1. B ni 65 mpaka 74, pointi 2. C ni 45 mpaka 64, pointi 3. D ni 30 mpaka 44, pointi 4. F ni chini ya 30, pointi 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zake zinajumlishwa, na pointi chache ndo nzuri. 7 mpaka 17 ni Divisheni One, 18 mpaka 21 Two, 22 mpaka 25 Three, 26 mpaka 33 Four, 34 na 35 ndo ziro. Halafu piga mfano na mtoto wa kufikirika, jumlisheni wote kwa sauti, waache wazazi wenyewe waseme ni Divisheni ngapi. Wanafurahi sana hapo, kuna mama hajawahi kukaa darasani kabisa alikuwa wa kwanza kutoa jibu.

Waambie pia kwamba mtihani wa Novemba hauko peke yake, kuna alama za maendeleo ambazo mtoto anakuja nazo kutoka madarasa ya nyuma, ndo maana tunapiga kelele kila jaribio. Mzazi akijua hivyo hamtumi mtoto kupeleka mbuzi siku ya mtihani wa Juni.

Hatua ya 6: Kikao ambacho mtoto anaongea

Vikao vya wazazi wote kukaa mbele mwalimu anahutubia masaa matatu nimeviacha. Baada ya mock naita kumi kumi, kila mzazi anakaa na mtoto wake kwenye dawati moja, mtoto ameshika karatasi zake anamweleza mzazi mwenyewe: hapa nimepata 28, nimekosa kwa sababu hii, nataka nifike 45, nyumbani nahitaji hiki. Mimi nazunguka tu. Mahitaji yanayotoka hapo ni madogo ajabu, mwingine anataka taa ya sola ya kusomea, mwingine anaomba asitumwe maji saa za magharibi, mwingine anaomba baba asimuite mjinga. Yaandikeni mawili tu, mzazi asaini, mtoto asaini.

Hatua ya 7: Habari nzito

Utoro wa siku tatu mfululizo, ugonjwa, mimba, hizi haziandikwi kwenye meseji. Nenda, au muite mlezi peke yake. Na kuhusu mimba, wazazi wengi bado wanaamini binti akijifungua shule imeisha, waeleze kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti kama huyo arudi shuleni baada ya kujifungua. Nimeshamuona mama analia kwa kusikia hilo tu, alikuwa tayari ameshapokea posa.

Wiki ya mtihani

Tuma ujumbe wa mwisho siku tano kabla. Mtoto alale mapema, aamke anywe chai na kitu cha kushiba, aje na kalamu mbili na vifaa vya hesabu, simu ibaki nyumbani kabisa maana kukutwa nayo chumba cha mtihani kunaweza kufuta matokeo yote. Kwa huku kwetu ongeza: msimu wa korosho umeiva, naombeni mtoto asiokote korosho mpaka amalize pepa la mwisho. Mtajie na tarehe ya pepa la mwisho ili mzazi ajue ni lini atampata kijana wake, ukimwambia "mpaka amalize" bila tarehe hawezi kupanga vibarua.

Januari matokeo yakitoka usidhani kazi imeisha. Waliofaulu wakumbushe kuangalia tahasusi (michepuo ya masomo ya Kidato cha Tano) walizojaza kwenye selform, ile fomu ya machaguo, wakitaka kubadilisha TAMISEMI, wizara inayowapangia shule, huwa inafungua muda wa kufanya hivyo na hausubiri mtu. Lakini anza kuwapigia wa Divisheni Four na ziro kabla ya hao, wazazi wao hawatakupigia, wana aibu. Mweleze mzazi habari za VETA, vyuo vya ufundi stadi, na kama mtoto anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili wake unafanyika miezi hiyohiyo ya mwanzo wa mwaka, kwahiyo piga wiki ileile, ukichelewa mwaka mzima utamponyoka.